Mwana Aliliaye Wembe

Zipo methali mbili za Kiswahili zilizozaliwa nyumba moja lakini hazikai jamvi moja. Ya kwanza husema, mtoto akililia wembe mpe. Ya pili husema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwa sikio la haraka methali hizi zapingana kama usiku na mchana. Moja yamwambia mzazi afungue mkono, nyingine yamwambia aufumbe. Moja yauamini uchungu kuwa mwalimu, nyingine yauogopa uchungu usije ukawa wa maisha. Hata hivyo watu wenye akili wamezitumia zote mbili kwa vizazi vingi, wala hapana aliyethubutu kuitupa moja ili ibaki nyingine. Yamkini basi tofauti yao yatoka katika wembe wenyewe: ni wembe gani uliliwao, nani aulilia, na nani atakayetokwa na damu.

Zamani swali hili lilikuwa jepesi. Wembe ulikata kidole, damu ikatoka, jani likapondwa na kufungwa, mtoto akajifunza. Gharama ya somo ilikuwa ndogo, na aliyeilipa alikuwa mwanafunzi mwenyewe. Wembe wa siku hizi una magurudumu mawili, injini na tangi la petroli. Anayeulilia amekwisha kota ndevu, na kilio chake si cha upuuzi, kwa kuwa anautaka ili apate riziki. Ukikata haukati kidole, na mara nyingi humkata mtu mwingine aliyekuwa akipita njia yake. Je, mzee anayeombwa pikipiki na kijana afuate methali ipi? Na akiisha kuitoa, je, amemaliza wajibu wake au ndipo wajibu wake unapoanza?

Mahali pazuri pa kulitazama swali hili ni Kwala, kata ya Wilaya ya Kibaha katika Mkoa wa Pwani, jirani na nchi ya Kisarawe. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, hupita katika bonde la Ruvu, na kwa muda mrefu maisha ya upande ule yalikwenda kwa mwendo wa jembe na wa ng'ombe. Sasa mambo yamegeuka. Reli ya kisasa ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, ikiwa na vituo vya Soga na Ruvu. Tarehe 31 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi bandari kavu ya Kwala, iliyojengwa ili makasha yanayoshushwa pwani yapate mahali pa kupokewa nje ya msongamano wa jiji. Barabara ya zege, yenye urefu wa kilometa 15 hivi, yatoka Vigwaza katika Barabara ya Morogoro hata Kwala, nayo hupitiwa na malori ya makasha. Pembeni mwa zege hilo zimebaki njia za zamani, za mchanga na vumbi wakati wa kiangazi, za tope zito wakati wa masika. Kijana wa Kwala anaishi kati ya barabara hizi mbili. Abiria wake hushukia penye zege, na nyumba ya abiria imo ndani ya tope.

Kazi iliyo karibu sana na mkono wa kijana huyo ni bodaboda. Jina hili lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, ambako wenye baiskeli waliwavusha watu kutoka mpaka hata mpaka. Baiskeli ikawa pikipiki, na mpaka ukawa kila njia panda ya Afrika Mashariki. Tanzania ilitoa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za biashara mwaka 2010, na tangu hapo kazi hii imeingia katika hesabu ya kazi halali za nchi. Humfikisha mama mjamzito kwenye zahanati, huwahisha mwanafunzi, hubeba maziwa, mkaa na gunia la unga. Mtu ambaye angeidharau kazi hii sharti kwanza aeleze vitu hivyo vingefika kwa mguu wa nani.

Lakini kijana aghalabu hana fedha za kununua chombo. Hununuliwa na mtu mwingine: mzazi aliyeuza ng'ombe wawili, mjomba aliye mjini, tajiri anayetafuta hesabu ya kila siku, au kikundi cha vijana kilichopata mkopo wa halmashauri. Sheria huzitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa hiyo kila pikipiki iliyo chini ya kijana ina mkono wa mkubwa fulani uliosema, chukua. Mkono huo ndio unaostahili kuulizwa maswali, kwa sababu kijana amekwisha kuulizwa mengi, na polisi, na abiria, na magazeti.

Swali la kwanza ni la uchaguzi. Pikipiki za kazi zinazopangwa mbele ya mnunuzi, kama vile Boxer na TVS, aghalabu zina injini za cc 100, cc 125 au cc 150. Sheria imetambua kwamba ukubwa huo ni jambo la kupimwa, ndiyo maana leseni za pikipiki zimegawanywa: daraja la A3 ni la vyombo visivyozidi cc 50, daraja la A1 ni la pikipiki ndogo zisizopita cc 125, na daraja la A ni la zile kubwa zaidi. Walakini mpaka uliochorwa na sheria ni kama ukingo wa kisima. Wamzuia mtu asitumbukie kwa kutojua, lakini haumfundishi kuteka maji. Mnunuzi aliyesimama dukani bado ana kazi ya kuamua, na katika kuamua huko makosa mawili humngoja mlangoni.

Kosa la kwanza ni la woga. Mzee husema, kijana huyu bado mbichi, nimpe kidogo kabisa ili asidhurike. Humchagulia chombo dhaifu kuliko vyote, pengine kilichokwisha kuchoka mikononi mwa wengine, akidhani kwamba udhaifu wa chombo ni usalama wa mwana. Mawazo haya yana huruma lakini hayana hesabu. Injini ndogo ikibebeshwa watu wawili na gunia katika njia ya mchanga hulia, hupata moto, huzima katikati ya kilima, na chombo huanza kurudi nyuma pamoja na shehena yake. Katika zege hushindwa kujiondoa upesi mbele ya lori. Nguvu iliyopungua mno ni hatari kama nguvu iliyozidi mno, isipokuwa hatari yake haina kelele. Aidha, mzee wa namna hii akiisha kutoa chombo kichovu hujiona amelinda, ambapo kwa kweli amebana fedha zake akaita ubahili huo mapenzi.

Kosa la pili ni la fahari. Mzee mwingine husema, mwanangu asichekwe na wenzake, apewe kikubwa, atakikua. Husema hivyo kama mtu anunuaye nguo ya shule iliyozidi kimo. Lakini nguo iliyozidi hungoja mwili uifikie, na injini iliyozidi haingoji. Wayunani wa kale walisimulia habari za Phaethon, kijana aliyemwomba baba yake, jua lenyewe, amwachie gari lake la farasi kwa siku moja. Baba alikuwa amekwisha kuapa kwamba atampa lolote alitakalo. Alijua kwamba farasi wale hawakuwahi kutii mkono mwingine, akamsihi mwanawe abadili ombi, lakini kiapo kilikuwa kimetoka. Kijana akapanda, farasi wakaacha njia, nchi ikaungua, na mwisho wake mwana akaanguka kutoka mbinguni. Watu huisoma hadithi hiyo kama onyo kwa watoto wakaidi. Yafaa isomwe pia kama onyo kwa wazazi wanaoapa kabla ya kujua wataombwa nini. Upumbavu wa Phaethon ulikuwa wa siku moja na wa umri wake. Ahadi ya baba ilikuwa ya mtu mzima.

Kati ya woga na fahari kipo kipimo, na ugumu wote wa jambo hili umo katika kukipata. Aristotle aliandika kwamba katika mambo ya tabia kadiri iliyo sawa haipatikani kwa kuhesabu katikati ya vitu, kama mtu apatavyo 6 kati ya 2 na 10. Alitoa mfano wa chakula: kipimo ambacho ni haba kwa Milo, mpiganaji mieleka mashuhuri, ni kingi mno kwa mtu anayeanza kujifunza mchezo. Chakula ni kile kile, kilichotofautiana ni tumbo. Ndivyo ilivyo kwa pikipiki ya cc 150. Kwa mtu wa miaka 30 aliyeendesha masika 6 bila kuanguka, chombo hicho ni chombo cha kazi tu. Kwa kijana aliyepata leseni mwezi uliopita, kwenye zege jipya lililonyooka, ni farasi wa jua. Mwenye kuuliza ipi ni pikipiki bora ameuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni, bora kwa nani, kwa njia ipi, na kwa mzigo gani.

Nchi za baridi zinao mfano wao, na si vibaya kuutazama. Katika milima ya Kanada na ya magharibi ya Marekani watu hupanda vyombo vyenye injini vinavyoteleza juu ya theluji. Vile vya milimani vina injini za cc 600 hata cc 850, na nguvu zao ni nyingi sana. Viwanda hivyo hivyo huunda pia vya watoto, vyenye injini ya cc 120 iliyofungwa kizuizi ili mwendo usizidi sana mwendo wa mtu akimbiaye. Mtoto hufungwa uzi mwilini unaoungana na swichi. Akianguka, uzi huchomoka na injini huzimika papo hapo. Na kabla kijana hajaruhusiwa kupanda mlima mrefu, wajuzi wa huko huusia anunuliwe kwanza kifaa cha kumtafuta mtu aliyefukiwa na maporomoko, koleo la kumfukulia, na ufito wa kuchokolea theluji. Nguvu hufuata nyuma. Theluji haipo Kwala, lakini mpango huo wa mambo ungefaa hata kwenye mchanga: kwanza njia ya kusimama, pili njia ya kuokoka, kisha nguvu ya kwenda.

Kusimama ndiko kunakosahauliwa. Mnunuzi huuliza dukani chombo hukimbia kiasi gani, na ni wachache wanaouliza husimama vipi. Hesabu yake si ngumu. Pikipiki iendayo kilometa 40 kwa saa hupita meta 11 kwa sekunde moja. Iendayo kilometa 80 hupita meta 22. Sekunde hiyo moja ni muda ambao jicho huona, akili huamua, na mkono haujagusa breki. Breki zikiisha kugusa, mwendo uliozidi mara mbili hutaka umbali wa kusimama uliozidi mara nne, kwa sababu nguvu iliyomo katika kitu kiendacho hukua kwa mraba wa mwendo wake. Kijana anayedhani kwamba kuzidisha mwendo mara mbili ni kuzidisha hatari mara mbili amedanganywa na hesabu za shule ya awali. Tena, chombo kinaposimama uzito wote huelemea mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lifanyalo sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Ajabu ni kwamba wapo wanaoendesha miaka mingi wakiiogopa breki ya mbele, wakitegemea ya nyuma peke yake, kwa sababu hapana mtu aliyewahi kuwafundisha.

Hapa ndipo linapoingia swali la pili, nalo ni la kuongeza ubora wa chombo kilichokwisha kununuliwa. Chombo hakikai kilivyotoka dukani. Kijana huanza kukigeuza, na fundi aliye chini ya mwembe huwa tayari. Akipunguza meno ya sproketi ya nyuma, chombo hupata mbio na kupoteza nguvu ya kuvuta. Akiyaongeza, hupata nguvu ya kuvuta na kupoteza mbio. Akiitoboa ekzosi, hupata kelele nyingi kuliko nguvu. Akifunga taa kali, humpofusha ajaye mbele yake. Geuzo hizi zina bei ndogo na huonekana upesi, hivyo hupendwa. Ziko geuzo nyingine zisizoonekana: tairi yenye meno ya kushika tope badala ya ile iliyoisha, shokapu mpya, pedi za breki zilizobadilishwa kabla chuma hakijakutana na chuma, vioo viwili vya pembeni, kofia ngumu ya pili kwa ajili ya abiria. Hapana asifiwaye kijiweni kwa pedi mpya za breki. Na bado uchunguzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu peke yake humpunguzia mpanda pikipiki aliyepata ajali hatari ya kufa kwa asilimia 42 na hatari ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Hapana ekzosi iliyopata kumfanyia mtu hisani kama hiyo.

Kwa hiyo hata ufundi una maadili. Mpangilio wa fedha zinazotumika juu ya chombo ni maelezo ya mapenzi ya mwenye fedha. Mzee akitoa shilingi za kuongeza mbio kabla ya shilingi za breki, ameeleza kwa vitendo anachokithamini, hata kama kinywa chake chasema usalama kwanza. Kanuni ya haki katika jambo hili yaweza kusemwa kwa maneno machache: asiongezewe mtu uwezo wa kwenda kabla hajaongezewa uwezo wa kusimama. Kanuni hii yafaa kwa pikipiki, na mwenye kutafakari ataona kwamba yafaa pia kwa cheo, kwa mali na kwa uhuru.

Walakini, kuna mtu mmoja ambaye hukaa mbali na breki na mbali na mshikio wa mafuta, naye huongeza mwendo wa chombo kila siku bila kukigusa. Huyo ni mwenye kupokea hesabu. Yachukuliwe makadirio ya mfano tu. Tuseme hesabu ya siku ni shilingi 10,000, petroli ya siku ni shilingi 6,000, na nauli ya safari moja ni shilingi 1,000. Kijana sharti afanye safari 16 kabla hajapata senti ya kwanza ya chakula chake. Ikiwa safari moja pamoja na kumngoja abiria huchukua nusu saa, safari hizo humla saa 8. Ya tisa ndiyo ya kwanza kuwa yake. Sasa tajiri apandishe hesabu kuwa shilingi 12,000. Safari zimekuwa 18 na saa zimekuwa 9. Lakini siku haina saa za akiba za kugawa, na abiria hawaongezeki kwa sababu tajiri ametaka. Kinachoweza kuongezeka ni vitu viwili tu: mwendo, na idadi ya watu wanaokaa nyuma, ile ambayo watu huiita mishikaki.

Mtu aliyeketi barazani mwake akapandisha hesabu amekaza mafuta kwa mkono mrefu. Ajali ikitokea hatatajwa, kwa sababu hakuwapo. Katika taarifa itaandikwa kwamba dereva alikuwa mwendo kasi na alibeba watu wawili, na maneno hayo yatakuwa kweli, ila ni kweli iliyokatwa kichwa. Maadili hayakubali mipaka ya taarifa. Kila mtu ambaye faida yake haiwezi kupatikana kwa mwendo wa halali ni mshiriki wa mwendo wa haramu. Anayetaka kujua kama hesabu yake ni ya haki ana kipimo chepesi: aipande pikipiki mwenyewe siku moja, kwa kilometa zisizozidi 50 kwa saa katika makazi ya watu kama sheria inavyotaka, abiria mmoja mmoja, na mvua ikinyesha, kisha aone kama jioni atakuwa na hesabu hiyo mkononi.

Yupo atakayepinga, na pingamizi lake ni la haki kusikilizwa. Atasema kwamba kijana wa miaka 20 si mtoto. Hupiga kura, huoa, huzika, na aghalabu chakula cha wazee wale wale wanaotaka kumpimia chombo chatoka katika jasho lake. Ana haki ya kuchagua hatari yake. Kumlinda mtu mzima kwa nguvu ni kumrudisha utotoni, na nchi iliyojaa watu wazima waliorudishwa utotoni haiendi mbele. Tena kumnyima chombo kwa kumwogopea ni kumwacha kijiweni wakati makasha yapita mbele ya macho yake kwenda kutajirisha wengine. Kukaa bure nako huua, ijapokuwa huua polepole na hakuna hospitali ipokeayo majeruhi wake.

Pingamizi hili ni kweli kwa sehemu yake kubwa. Lakini lina jambo moja limesahau. Haki ya kuchagua hatari ni haki ya kuchagua hatari yako. Bodaboda haibebi nafsi moja. Yuko abiria nyuma, na yuko mtoto avukaye barabara akitoka shule, ambaye hakuulizwa na mtu kama anakubali. Plato alimsimulia Socrates akiuliza kama ni haki kumrudishia rafiki silaha alizokuwekea amana, ikiwa amekuja kuzitaka akiwa amerukwa na akili. Silaha ni zake, wala hakuna ubishi. Hata hivyo kila msikilizaji alikubali kwamba kumpa wakati ule si uadilifu. Kijana wa Kwala hakurukwa na akili, na mfano huo usitumiwe kumtukana. Unachofundisha ni kwamba swali la kutoa haliishi kwa kusema ni haki yake. Mwenye kutoa anaulizwa pia, unajua nini juu ya matumizi yatakayofuata, na umefanya nini kwa ulijualo?

Jibu la heshima basi halitoki katika kunyima, wala katika kutoa na kugeuka. Linatoka katika kutoa kwa ngazi, na kusimama karibu. Kijana apewe chombo kinachoitosha kazi ya leo katika njia ya leo. Kiandamane na mafunzo, leseni yake ya daraja linalohusika, na kofia mbili. Kisha azitengeneze mwenyewe dalili za kustahili zaidi. Dalili hizo hazihitaji mtihani wa siri. Kijana anayekagua tairi na breki asubuhi bila kuambiwa ameonyesha moja. Anayeweza kwenda polepole sana katika mstari ulionyooka, bila mguu kugusa chini, ameonyesha nyingine, maana kwenda pole kwa magurudumu mawili ni ustadi mkubwa kuliko kwenda mbio. Anayemkatalia abiria wa tatu, akiacha shilingi alizozihitaji zipite, ameonyesha iliyo kubwa kuliko zote. Mtu wa namna hiyo akiomba cc 150 apewe, na aliyempa alale usingizi. Nguvu iliyoongezwa juu yake imekuta mahali pa kukaa.

Na mzee naye ana ngazi zake za kupanda. Ya kwanza ni kukubali kwamba zawadi ina gharama ya pili baada ya bei ya duka: fedha za pedi, za tairi, za bima, na za siku ambazo chombo hakitatoka kwa sababu ya mvua. Asiye na fedha hizo bado hana fedha za pikipiki, ana fedha za nusu ya pikipiki. Ngazi ya pili ni kuweka hesabu inayokubaliana na mwendo wa halali, na kama ni mkataba wa chombo kuwa mali ya kijana, kuurefusha miezi badala ya kuubana. Ngazi ya tatu ni ngumu zaidi, nayo ni kukubali kuambiwa. Kijana akisema leo breki si nzuri, chombo kilale, asijibiwe kwamba ni mvivu. Jibu hilo likitoka mara moja, hatasema tena, na siku nyingine breki zitasema zenyewe.

Methali mbili zilizotajwa mwanzo, zikitazamwa hivi, hazina ugomvi. Mtoto akililia wembe mpe, ikiwa damu itakayotoka ni yake na ni ya kidole. Mchelea mwana kulia hulia yeye, ikiwa damu yaweza kuwa ya maisha au ya mtu mwingine. Kati ya hali hizo mbili ndimo walimo vijana wengi wa leo na vyombo vyao, na mzazi hawezi kujificha nyuma ya methali moja. Hospitali ya Tumbi, pale Kibaha, ipo kando ya Barabara ya Morogoro, na majeruhi wa barabara hiyo hufikishwa hapo. Katika wodi hakuna fahari ya cc. Pana kijana mmoja kitandani, na mzee mmoja ameketi ukingoni mwa kitanda, akijiuliza kama fedha alizoziona nyingi kwa ajili ya breki zilikuwa nyingi kweli. Heri kuliuliza swali hilo dukani, mbele ya fundi na kijana mwenyewe, kabla funguo hazijabadili mkono.